Mama Zegezuka

Bakuli lilikuwa limelala kifudifudi juu ya kinu, jikoni kwa Shangazi pale Tengeru. Tulikuwa tunahamisha vyombo ili fundi abadilishe bati zilizokuwa zikivuja, na mimi nilipewa kazi ya kubeba vitu visivyovunjika. Ni bakuli la bati la zamani, jeupe, lenye ukingo wa buluu uliobanduka mahali pengi, na nimelijua tangu utotoni kwa sababu ndilo lililokuwa likipimia unga wa nyumba nzima. Sikuwahi kulitazama kitako.

Asubuhi ile mwanga uliingia pale bati zilipoondolewa, ukaangukia kitako cha bakuli kwa upande, nikaona herufi.

Mtu alikuwa amezikwaruza kwa msumari au kwa ncha ya kisu, kubwa kubwa, moja moja, zikifuata mviringo wa kitako. Nilizisoma kwa kidole kabla ya kuzisoma kwa macho: G, R, Z, E, G, R, Z. Kisha palikuwa na doa la kutu lenye upana wa ncha za vidole viwili. Baada ya kutu, K na A.

GRZEGRZ, kutu, KA.

"Shangazi, hili bakuli lilitoka wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Si la Mama Zegezuka hilo? Bibi yako alimpelekea kuku, naye akampa bakuli."

Hadithi hiyo niliijua. Kila mtoto wa nyumba yetu anaijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kulikuwa na maandishi, na kwamba wiki saba baadaye ningekuwa bado nayazunguka.

Mama wa nani?

Wasomaji wa Arusha na Meru hawahitaji kuelezwa habari za Wapolandi wa Tengeru, wale wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walioanza kufika mwaka 1942 na kukaa katika vijumba vya mviringo vyenye paa za nyasi hadi kambi ilipofungwa miaka kumi hivi baadaye. Bibi yangu alikuwa akiwauzia maziwa na ndizi. Shangazi, aliyekuwa na miaka sita au saba, alimfuata nyuma akiwa amebeba kibuyu kidogo.

Kwa mujibu wa hadithi ya nyumbani, mwanamke mmoja wa kambini alikuwa kila akimwona Bibi anajigonga kifua, anasema maneno yake, kisha anasema "kuku, kuku." Bibi akamwonea huruma. Siku moja akamkamata tetea mnene, akampelekea. Yule mwanamke alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwani, akaingia ndani, akatoka na bakuli.

Walimwita Mama Zegezuka.

Kwetu, na nadhani kwenu pia, mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Anaitwa Mama Fulani, na huyo Fulani ni mtoto wake. Kwa hiyo sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba kulikuwa na mtoto wa Kipolandi aliyeitwa Zegezuka. Tulimwuliza Bibi alikuwa wa kike au wa kiume, alikuwa na umri gani, alicheza na nani. Bibi alijibu kwamba hakuwahi kumwona, na kwamba huenda alifia njiani. Alikuwa amesikia vya kutosha kuhusu njia hiyo: kuondolewa majumbani na askari wa Kisovieti usiku wa baridi, mwezi wa Februari 1940 kwa wale wa kundi la kwanza, mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan, kisha, baada ya mapatano ya Poland na Wasovieti ya Julai 1941 yaliyowafungulia mlango, safari ya kushuka kusini hadi Bahari ya Kaspi, Iran, na hatimaye meli za kuja pwani yetu. Watoto wengi walizikwa kwenye njia hiyo. Bibi alikuwa muumini wa Kilutheri mwenye kumbukumbu ndefu, na katika sala zake za jioni, baada ya kuwataja wafu wa ukoo wetu, alimtaja Zegezuka.

Nilipokuwa nimeshika bakuli lile mkononi, ndipo wazo lilipoanza kunisumbua. Mtu hakwaruzi jina la mtoto aliyekufa chini ya bakuli la kambi. Anakwaruza jina la mwenye bakuli, ili lisipotee jikoni ambako mamia ya mabakuli yanafanana.

Huenda Zegezuka hakuwa mtoto. Huenda lilikuwa jina la ukoo.

Majuma mawili nikimfuata Grzegorz

Nilianza vibaya. Herufi zile zilinipeleka moja kwa moja kwa Grzegorz, ambalo ni jina la Gregori katika Kipolandi. Ni jina la kawaida sana, na limezaa koo nyingi: Grzegorczyk, Grzegorzewski, Grzegorek. Nikajiambia kwamba aliyekwaruza aliruka herufi O. Mkono ulichoka, msumari uliteleza, bakuli ni la mviringo; sababu zilikuwa nyingi na zote zilinifaa.

Kwa majuma mawili nilijaza daftari kwa majina yanayotokana na Gregori. Nilijifunza mambo ya kweli kwa njia hiyo. Nilijifunza kwamba katika Kipolandi kiambishi cha mwisho kinasema mengi kuhusu asili ya jina: -ski hapo mwanzo liliambatana na majina ya mashamba na vijiji vya mabwana, ingawa baadaye lilienea kwa kila tabaka, -wicz na -czyk huelekea kwa baba, yaani mwana wa fulani. Nilijifunza pia kwamba jina la -ski hubadilika kuwa -ska kwa mwanamke, na kwamba zamani mke wa Nowak aliitwa Nowakowa na binti yake Nowakówna, hivi kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye madaftari kama watu watatu.

Lakini jina langu liliisha na KA, na hakuna jina katika orodha yangu ya akina Gregori lililokaa vizuri mahali pale.

Usiku mmoja nilirudi kwenye bakuli na uzi. Nilipima upana wa kila herufi, nikapima na nafasi kati yake, nikalipima doa la kutu. Herufi saba za kwanza zilikuwa zimepangwa kwa uangalifu mkubwa, karibu sawasawa, kama za mtu aliyefundishwa kuandika vizuri na aliyekuwa na muda. Kati ya G ya pili na R hapakuwa na pengo lolote. Mtu huyu hakuruka herufi. Aliandika alichokusudia kuandika, na chini ya kutu palitosha herufi mbili.

Ilinibidi nifute kurasa kumi na moja.

Sikio la Bibi

Hadi hapo nilikuwa nimelichukulia jina la nyumbani, Zegezuka, kama tafsiri mbovu ya jina halisi. Nilidhani ukweli uko kwenye maandishi na kwamba masikio ya wanakijiji yaliuharibu. Sasa maandishi yalikuwa na shimo, na kilichobaki kulijaza ni sikio.

Kwa hiyo nilijifunza jinsi Kipolandi kinavyosomwa. RZ si R na Z. Ni sauti moja, ile ambayo Waingereza huitamka katikati ya neno lao la televisheni, na ambayo Kiswahili hakina, kwa hiyo sisi huigeuza kuwa Z. Sauti hiyohiyo huandikwa pia kwa Z yenye nukta juu, ż. Herufi Ó, licha ya umbo lake, hutamkwa U. Na L yenye mkwaju, ł, siku hizi hutamkwa W. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawa kabisa na Kiswahili, jambo ambalo lilinifariji bila sababu ya maana.

Niliposhika kanuni hizo, nilifungua orodha ya majina ya ukoo ambayo serikali ya Poland huichapisha kutoka kwenye daftari la taifa la wakazi, nikatafuta yale yanayoanza na GRZEGRZ na kuisha na KA.

Grzegrzółka.

Herufi saba, mbili za katikati, kisha K na A. Nilitamka polepole kama nilivyofundishwa, nikakisikia kilichotokea miaka themanini iliyopita. G ya kwanza ilimezwa, kwa sababu Kiswahili hakianzi neno kwa G na Z pamoja. Sauti ya RZ ikawa Z: ze. G ya pili ilipewa irabu ili ipate pa kukanyagia: ge. Kisha zu, kwa sababu Ó ni U, na ile W nyembamba iliyofuata ikafifia ndani ya U. Mwisho ka.

Ze-ge-zu-ka.

Bibi hakuharibu kitu. Alihifadhi, kwa kadiri mdomo wake ulivyoruhusu, silabi moja baada ya nyingine, na katika ile sehemu iliyoliwa na kutu alikuwa na ushahidi bora kuliko bati lenyewe.

Ndege

Jina hili si la maelfu kwa maelfu kama Nowak, ambalo lina watu wapatao 200,000 na ndilo linaloongoza Poland. Ni adimu, lakini neno lililomo ndani yake linajulikana na karibu kila aliyesoma shule nchini humo, kwa sababu walimu hulitumia katika imla kuwatega wanafunzi. Gżegżółka ni jina la zamani, la lahaja, la ndege ambaye Kipolandi sanifu humwita kukułka. Ni ndege wa jamii ya dudumizi wetu, yule wa Ulaya ambaye hutaga mayai katika viota vya wengine na ambaye sauti yake ni noti mbili, ya kwanza juu kidogo, ya pili chini.

Majina ya ukoo yanayotokana na ndege ni mengi sana Poland. Wróbel ni shomoro, Gołąb ni njiwa, Sowa ni bundi, Kruk ni kunguru mkubwa, Bocian ni korongo. Haya hayakuanza kama majina ya heshima. Yalikuwa majina ya utani ya wakulima na watu wa mjini, waliyopewa na majirani, ambayo yaliganda na kurithiwa wakati padri au karani alipotaka kumtofautisha Jan huyu na Jan yule. Kwa nini mtu fulani aliitwa kwa jina la ndege huyu, daftari halisemi. Wakulima wa Poland wanaamini kwamba ukimsikia kwa mara ya kwanza katika majira ya kuchipua unapaswa kuwa na fedha mfukoni, na kwamba idadi ya milio yake ni miaka uliyobakiwa nayo. Labda babu huyo wa kwanza alikuwa na sauti ya namna hiyo. Labda alilelewa katika nyumba isiyo yake. Kila nilipojaribu kuchagua, niligundua kwamba nachagua ile iliyonigusa zaidi mimi, nikaacha.

Kuna jambo moja kuhusu ndege huyo ambalo sikuweza kuliacha. Baridi ya Ulaya inapokaribia huhamia Afrika, na wengine hupita katika anga yetu ya Afrika Mashariki wakielekea kusini. Lakini huku kwetu kwa kawaida huwa kimya. Ile sauti inayompa jina huiacha kwao.

Shaka ya herufi mbili

Sitaki kuficha kwamba maelezo ya ndege yana doa.

Neno la ndege huandikwa kwa ż, gżegżółka. Jina la ukoo huandikwa kwa rz, Grzegrzółka. Kwa sikio la leo ni kitu kimoja, lakini zamani hazikuwa sauti moja. Rz ilikuwa na mtetemo wa R ndani yake, kama Wacheki wanavyotamka ř yao mpaka leo, na ni baadaye tu ndipo sauti mbili hizo zilipoungana. Kwa hiyo mtu anaweza kudai, na hoja yake si dhaifu, kwamba rz katika jina hili ni ya asili, na kwamba nyuma yake hakuna ndege bali ni yuleyule Gregori niliyemfukuza: kijina cha kubembeleza cha Grzegorz, kilichofupishwa na kuongezewa -ółka.

Nilijiona nimerudi nilikoanzia.

Kinyume chake pia kinawezekana. Karani aliyesikia jina la ndege huenda aliliandika kwa rz kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kuandika Grzegorz kila siku ya ubatizo. Katika karne ambazo majina haya yalikuwa yakiganda, hapakuwa na tahajia moja iliyomfunga kila mtu, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma.

Historia ya madaftari yenyewe inaongeza giza. Sehemu kubwa ya Poland ya kati ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Madaftari ya kiraia ya vizazi, ndoa na vifo yalianza huko mwaka 1808, yakiandikwa kwa Kipolandi, tena kwa masimulizi: mbele yetu amefika fulani, mkulima, mwenye umri wa miaka kadhaa, akituonyesha mtoto wa kiume. Kuanzia 1868 yakaandikwa kwa Kirusi, na hali hiyo ikaendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu miaka hamsini, jina lolote la Kipolandi lilipaswa kuvikwa herufi za Kirusi. Makarani waliofuata herufi waliandika R na kisha ile herufi ya Kirusi ж. Waliofuata sikio waliandika ж peke yake, na hapo rz na ż zikawa kitu kimoja kwenye karatasi kama zilivyokuwa mdomoni. Ó ikawa у, U ya Kirusi. Wengi waliongeza jina kwa Kipolandi ndani ya mabano, na mtafutaji wa leo huwashukuru. Wengine hawakuongeza. Herufi za Kipolandi ziliporudi, kila jina kama hili lilihitaji mtu mmoja, katika ofisi moja, aamue upya.

Nilipolitazama tena lile doa la kutu, nilitambua kwamba herufi zilizoliwa ni zile ambazo uandishi wake ulikuwa wa mashaka kuliko zote. Chini yake huenda kulikuwa na Ó, huenda kulikuwa na U. Upana ni uleule. Nimemulika kwa tochi ya simu kutoka kila upande, na sioni hata mkwaruzo.

Herufi moja iliyonipa kijiji, karibu

Ilikuwa ł iliyonifanya nikae macho hadi usiku wa manane.

Nilisema kwamba siku hizi hutamkwa W. Lakini Wapolandi wa majimbo ya mashariki, yale ambayo sasa yako Ukraine, Belarusi na Lithuania, waliendelea hadi katikati ya karne ya 20 kuitamka kwa namna ya zamani, kama L nzito inayotamkwa kwa ulimi kugusa meno. Na wakimbizi wa Tengeru walitoka huko, kwa kuwa majimbo hayo ndiyo yaliyovamiwa na Wasovieti mwaka 1939.

Kama mwanamke huyu angekuwa mzaliwa wa mashariki mwenye matamshi ya kwao, Bibi angesikia L. Angemwita Mama Zegezulka, au Zegezulika. Kiswahili hakishindwi kutamka L na K pamoja. Tunasema milki bila taabu. Lakini nyumbani hakuna anayekumbuka L. Shangazi nilimwuliza mara tatu, kwa siku tofauti, bila kumwambia ninatafuta nini, na kila mara alitamka vilevile.

Hapo niliwakumbuka walowezi wa kijeshi. Baada ya vita vya 1920 dhidi ya Wasovieti, Bunge la Poland lilipitisha sheria ya kuwagawia askari mashamba katika majimbo ya mashariki, na wengi waliokwenda walitoka vijiji vya kati na kusini, ambako ł ilikuwa tayari imekuwa W midomoni mwa wakulima. Ni familia hizo hasa, pamoja na za walinzi wa misitu, zilizochukuliwa katika usiku ule wa Februari 1940. Ningeweza sasa kumchorea Mama Zegezuka maisha mazima: kijiji katika jimbo la Mazowsze, katikati ya Poland, mume aliyepata shamba kwa sababu ya medali, gari la farasi likielekea mashariki, miaka kumi na mitano ya kulima, kisha mlango kugongwa alfajiri.

Ningeweza, na kwa siku mbili niliamini nimempata. Kisha nikajiuliza nimesimama juu ya nini. Nimesimama juu ya herufi moja ambayo haikusikika, katika kumbukumbu ya mtoto wa miaka saba, baada ya miaka themanini. Ni ushahidi, na sitautupa. Lakini ni mwembamba kama uzi niliopimia kutu.

Mlango nilioufikia bila kuufungua

Vyombo vya utafutaji vipo, na mtu wa Arusha anaweza kuvitumia akiwa kitandani. Geneteka, faharasa inayojengwa na wanachama wa kujitolea wa chama cha nasaba cha Poland, ina makumi ya mamilioni ya maingizo kutoka kwenye madaftari ya parokia. Kituo cha KARTA cha Warszawa kilikusanya kwa miaka mingi faharasa ya watu waliokandamizwa na Wasovieti, jina kwa jina, wakiwemo waliohamishwa kwa nguvu. Ningeandika Grzegrzółka, ningepata wanawake, ningemchagua mmoja.

Hapo ndipo niliposimama. Sina jina lake la kwanza. Sina mwaka wake wa kuzaliwa, wala jina la mumewe, wala la kijiji. Yeyote ambaye ningemchagua angechaguliwa kwa sababu anaifaa hadithi yangu, na baada ya hapo ningewapa watu wengine, walio hai mahali fulani, bibi ambaye huenda si wao.

Sisi Wameru tunajua uzito wa jina la ukoo. Ukisikia Kaaya, Pallangyo, Mbise au Nnko, unajua unazungumza na nani, na unajua kwamba mtu hapachikwi kwenye ukoo kwa sababu ya kufanana. Sikuona kwa nini ukoo wa Poland ustahili uangalifu mdogo kuliko wa kwetu.

Nilikwenda makaburini Tengeru, ambako wamelala Wapolandi wapatao 150, nikapita safu zote nikisoma kila jiwe linalosomeka. Jina lile sikuliona. Nilitoka nikiwa na matumaini, kwa maana waliobaki hai walienda mbali, wengi wao Uingereza, Kanada na Australia, na wengine walirudi Poland.

Kuku

Jumapili iliyopita nilirudi kwa Shangazi. Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu ndege. Nilimwamkia, tukanywa chai, kisha nikamwambia nina neno ninalotaka alisikilize, nikaweka simu karibu na sikio lake la kulia, lile linalosikia vizuri. Lilikuwa neno gżegżółka, likitamkwa na mwanamke wa Kipolandi kutoka kwenye kamusi ya mtandaoni.

Mkono wake uliokuwa na kikombe ulisimama.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu alilisema pamoja na simu, Zegezuka, na kabla sijauliza lolote akaweka kikombe chini, akajigonga kifua kwa vidole vitatu, akafanya sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiifanya katika maisha yangu yote. Ku-kuu. Ku-kuu. Ya kwanza juu kidogo, ya pili chini.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya," akasema. "Anajigonga hapa, anasema Zegezuka, halafu ku-kuu, ku-kuu, na mkono anaupeleka juu kwenye miti. Mama akasema, maskini, huyu ana hamu ya kuku."

Nikamwomba arudie. Akarudia, mkono ukapanda tena kuelekea kwenye mgrevilea ulio nje ya dirisha.

Najua kwamba hili halimalizi swali la rz na ż. Mwenye jina anaweza kuliamini kuwa la ndege, na bado babu wa babu yake akawa alitokana na Gregori. Lakini yeye mwenyewe alijua anaitwaje na maana yake ni nini, akawa anajaribu, kwa mikono na sauti, kuwaeleza wauza maziwa wawili ambao hakuwa na lugha moja nao. Alikuwa anajitambulisha. Nasi tukamletea tetea.

Nilimweleza Shangazi yote, polepole: kwamba Zegezuka lilikuwa jina la ukoo, kwamba ni ndege, kwamba herufi zilizo chini ya bakuli ndizo hizo. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nimelikimbia kwa wiki saba.

"Kwa hiyo yule mtoto hakuwepo?"

"Sijui, Shangazi."

"Mama alimwombea mpaka anakufa."

Nilikaa kimya, nikifikiri juu ya majina yanayobadilika na yale yasiyobadilika. Jina la -ski humgeuka mwanamke likawa -ska. Jina linaloishia na -ka kama hili hubaki lilivyo kwa baba, kwa mama na kwa watoto.

"Kama alikuwa na mtoto," nikamwambia, "mtoto huyo naye aliitwa Zegezuka. Kwao jina la ukoo ni la nyumba nzima."

Shangazi akalivuta bakuli, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya herufi hadi kwenye kutu, akakivusha, akaishia kwenye K na A.

"Basi Mama hakukosea," akasema, akaligeuza tena, akaanza kupima unga wa jioni.